Pointi ya Kaka Yangu

"Ni nani?"

Kaka yangu aliniuliza hivyo kupitia waya wa uzio, taulo ikiwa shingoni, na sikuweza kumjibu. Sikuwa naficha kitu. Sikujua tu alikuwa anauliza nini. Nilimtazama, naye akanitazama kama mtu anayengoja kofi, mpaka mwamuzi aliyekaa juu ya kiti chake kirefu alipomkemea kwa Kiingereza. Akageuka, akarudi kwenye mstari wake. Hiyo ilikuwa Kampala, baada ya seti ya pili. Seti ya tatu ndiyo ingeamua kama kaka angeingia katika orodha ya dunia ya wachezaji wa tenisi, au angebaki nje yake kama alivyokuwa tangu aanze.

Naomba niieleze orodha hiyo mapema, kwa sababu hata mimi ilinichukua muda kuielewa. Ina majina mengi, yanapita elfu moja kwa mbali. Wale wa juu dunia nzima inawajua. Wale wa chini wanajuana wenyewe, kwa sababu wanalala katika nyumba za wageni zilezile na wanafunga nyuzi za raketi zao kwa mikono yao. Ili uingie, hata mahali pa mwisho kabisa, lazima uwe na pointi moja. Pointi hiyo haigawiwi kwa bidii wala kwa umri. Unashinda mechi moja katika mashindano yenyewe, si katika mchujo, na unapewa. Ukishindwa, huna. Kaka alikuwa amepita mchujo mara kadhaa, Kigali, Bujumbura, Nairobi, na kila mara akashindwa mechi ya kwanza ya mashindano yenyewe. Alikuwa mchezaji wa kulipwa ambaye dunia haikuwa na namba yake.

Watu wa Butembo, mji wetu, hawakulielewa jambo hilo, na mimi sikuwalaumu. Baba mkubwa, ndugu wa baba yetu, alikuwa mfanyabiashara wa vipuri na mwenye lori, mtu ambaye maneno yake yalinukuliwa sokoni. Siku moja ya Idd tulikaa kwake kuzunguka sinia ya pilau, akamgeukia kaka.

"Tennisman wetu, uko wa ngapi?"

"Bado siko ndani ya liste, baba."

"Hata wa mwisho?"

"Hata wa mwisho."

Baba mkubwa aliacha kula. Alifikiri kwa uso wa mtu anayekagua gari analotaka kuuziwa. "Donc kuko mutu mwenye iko wa mwisho ku dunia nzima, na ule mutu anakupita?"

Tulicheka wote, kaka naye akacheka, ingawa alitazama chini. Baba mkubwa hakuridhika. "Mimi ninauliza kabisa. Mutu anapiga kitu, mwenzake anarudisha. Anapiga tena, anarudisha tena. Kama mimi ninapeleka muzigo Kasindi, ku mupaka, na muzigo inarudi, ninapeleka, inarudi, nitasema nimefanya kazi?"

"Siku ingine hairudi, baba," kaka alisema.

"Siku ingine!" Baba mkubwa aliwatazama watu wote wa sinia, awe na mashahidi. "Basi tutangoja hiyo siku ingine."

Mimi nilikuwa mwaka wa pili chuo kikuu na nilikuwa na maswali yangu kuhusu kila kitu: kuhusu Mungu, kuhusu serikali, kuhusu kwa nini wanaume wanakula kwanza. Lakini swali la baba mkubwa lilinikaa kichwani kuliko nilivyopenda. Kwa nini mtu azeeshe mabega yake kwa ajili ya pointi moja? Nilimuuliza kaka tukiwa njiani kurudi nyumbani. Alisema hajui. Alisema kwamba anapopiga mpira ukagusa mstari wa nyuma, kwa muda mfupi sana hakuna mtu anayebishana naye.

Alianzia Vulamba, mtaa wa Butembo, nyuma ya maghala ya kahawa. Wenye kahawa wa zamani walikuwa wamejenga uwanja pale, na wazee wa mtaa waliuhifadhi baada yao bila kujua vizuri kwa nini. Ardhi yake si ya asili ya pale. Ni udongo wa vichuguu, ulioletwa kwa magari kutoka upande wa Beni, ambako kuna joto na vichuguu vinapita kimo cha mtu. Udongo huo unapondwa, unachekechwa, unamwagiwa maji, unapigwa kwa ubao mpaka unakuwa mgumu kama sakafu. Baba yetu alikuwa dereva wa lori. Alipokuwa akipakia kahawa ghalani, alimwacha kaka ndani ya uzio wa uwanja ili magari yanayorudi kinyumenyume yasimkanyage. Huo ndio mwanzo wote. Hakuna aliyeona kipaji. Walitafuta mahali salama pa kumweka mtoto, na daktari mmoja aliyecheza pale jioni akampa raketi iliyokatika nyuzi.

Baba alikufa kaka akiwa sekondari na mimi nikiwa shule ya msingi. Lori lilipinduka likitoka Kanyabayonga, likiwa na viazi. Hakuna aliyetuambia. Ninachokumbuka ni kwamba mwalimu alifungua mlango, na nyuma yake alisimama baba mkubwa, amevaa kanzu nyeupe na koti juu yake, siku ambayo haikuwa Ijumaa. Hakusema kitu. Alinyoosha mkono. Tayari alikuwa amemchukua kaka kutoka shule yake, naye kaka alikuwa amesimama uani, hatazami popote. Tulitembea watatu mpaka nyumbani, na nilijua kabla hatujafika kwenye kona ambapo vilio vinaanza kusikika.

Kwetu ndivyo ilivyo. Kifo hakisemwi kwa simu, hasa kwa mtu aliye mbali. Anatumwa mtu. Anakuja mzee, na kama wewe ni mtu wa karibu sana na marehemu, anakuja mzee pamoja na mmoja wa ndugu zako, ili uwe na bega la kuegemea. Hawataji kifo. Wanasema tu, twende nyumbani. Unaelewa, unafunga mfuko wako, na wanakupeleka. Na kwa kuwa sisi ni Waislamu, na maiti hailazwi, unajua pia kwamba utafika kukuta kaburi limekwisha kufunikwa. Chuoni niliwahi kuandika kazi nzima kuipinga desturi hiyo. Niliandika kwamba inamnyima mfiwa haki ya kujua. Mwalimu wangu aliniuliza kama nimewahi kumwambia mtu kwa simu kwamba mama yake amekufa. Nilisema hapana. Akanirudishia karatasi bila kuongeza neno.

Mama yetu alirudi Beni baada ya baba kufa, kwa watu wake. Alikuwa na shamba la kakao kwenye njia ya Mutwanga, na alilipenda shamba lile kuliko alivyopenda usalama wake. Mtu yeyote aliyeishi Beni miaka hiyo anajua ninachosema. Watu walikwenda shambani asubuhi na wengine hawakurudi, waliuawa huko na waasi. Mama alikwenda hata hivyo. Tulipompigia simu na kumwomba akae mjini, alijibu kwa sauti ya mtu anayesumbuliwa na nzi: "Kakao itajichuma yenyewe?" Kaka alimpigia kila siku kabla ya mazoezi na kila siku baada ya mazoezi. Popote alipokuwa, Kigali au Nairobi, alitafuta kwanza mahali penye mtandao, halafu chakula. Siku simu ya mama ilipozimwa kwa kukosa umeme, kaka alicheza kama mtu aliyevaa viatu vya mwingine. Aliniambia mwenyewe. Alisema, "Ninaweza kushindwa na mutu yeyote, ni sawa. Mais siwezi cheza na ile simu inasema hapatikani."

Mwaka wa Kampala, alikuwa tayari ni mkubwa kwa mchezo ule. Wapinzani wake walikuwa vijana wa miaka kumi na minane wenye makocha na madaktari wa misuli. Yeye alisafiri kwa basi na mfuko mmoja, na alifundisha wake za wafanyabiashara wa Butembo ili apate ya kusafiria. Begani alikuwa na maumivu ambayo alikuwa ameyazoea kama watu wanavyozoea jirani mwenye kelele. Alituambia, mama na mimi, kwamba akikosa pointi mwaka ule atakuwa amekosa. Hakusema kwa uchungu. Alisema tu, kama mtu anayetaja saa ya basi la mwisho.

Ikawa baba mkubwa ana safari ya kununua vipuri Kampala juma lilelile, na akaniomba niende naye kwa kuwa nilijua Kiingereza kidogo na chuo kilikuwa kimefungwa. Tulipita Beni, tukamsalimia mama. Alikuwa na furaha na haraka. Alifunga karanga za kukaanga na mikate ya kumimina katika kitenge chake kimoja, cha bluu chenye ndege, akaniwekea mapajani ndani ya gari. "Umupe mbele ya mchezo," alisema. "Ku simu sitamuambia kama munakuja, ashangae." Lakini tulichelewa mpakani, na tulipofika Kampala kaka alikuwa amekwisha kuzima simu yake na kuingia uwanjani.

Sikufikiria kwamba baba mkubwa angetaka kwenda kuangalia. Alitoka kuswali, bado akiwa na kanzu na koti, akasema, "Twende tuone hii mupira ya benye kunyamaza." Ndivyo alivyoiita tenisi. Njiani aliniuliza sheria, nikamweleza. Alitaka kujua tutamtambuaje anayeshinda kama watu hawapigi kelele. Nilimwambia kuna ubao. Aliniuliza kama inaruhusiwa kuita jina la mtoto wako. Nilimwambia mpira ukisimama, ndiyo.

Tulifika kaka akiwa amekwisha kuichukua seti ya kwanza. Katika ya pili alikuwa mbele. Niliona ubao kabla ya kumwona yeye, na nikaanza kuhesabu pointi kwa vidole, mimi ambaye nilijiona nimepita umri wa kusisimkia michezo. Kijana aliyecheza naye alikuwa mrefu, mwenye nywele nyekundu, na alikuwa ameanza kuongea peke yake. Kaka alipiga mipira ya chini, ya polepole, ile iliyojifunza kuishi kwenye udongo wa vichuguu, na yule kijana aliikimbilia kama mtu anayefukuza kuku.

Baba mkubwa alisimama akapiga makofi. "Iye! Mutoto yetu! Mupige huyo!"

Mpira ulikuwa bado hewani. Mwanamke mwenye kitambulisho shingoni alikuja haraka, akaweka kidole mdomoni, na akamwonyesha kiti karibu na waya. Alisema, nami nikatafsiri, kwamba akirudia tutatolewa nje. Baba mkubwa aliomba radhi kwa adabu kubwa. Alikaa. Kwa kuwa hakuweza kusema, alifanya kile alichojua kufanya mtu anapokatazwa kusema: alitoa tasbihi mfukoni, akainamisha kichwa, akaanza kumwombea mtoto ashinde. Midomo yake ilisogea kidogo sana. Nilikaa kando yake, mtandio kichwani kwa heshima yake, kitenge cha mama kikiwa magotini.

Kaka alikuja upande wetu kuchukua mpira. Aliinua macho.

Nimejaribu mara nyingi kuuona uso wake wa dakika ile kama ulivyokuwa, bila kuongeza nilichokuja kukijua baadaye. Nadhani sikuona kitu. Nilitabasamu, nikainua mkono. Baba mkubwa hakumwona, alikuwa amefumba macho. Kaka alichukua mpira, akaudunda, akaudunda tena, akaendelea kuudunda mpaka mwamuzi alipomkumbusha muda. Servisi, mpira wa kuanzia, ikaenda wavuni. Ya pili ikaenda wavuni.

Baada ya hapo mchezo uliporomoka. Sina neno jingine. Mipira aliyoipata tangu utoto ilimpita. Alikuwa anakimbia, sisemi kwamba aliacha kukimbia, lakini alifika pale mpira ulipokuwa umetoka. Seti ya pili ikaenda. Alipokwenda kwenye kiti chake, kilichokuwa karibu na waya, hakukaa. Alikuja mpaka waya wenyewe, akauliza swali lile, na mwamuzi akamkemea, kwa sababu mchezaji haruhusiwi kusema na watu wa nje.

"Ameuliza nini?" baba mkubwa alininong'oneza.

"Sijui. Ameuliza ni nani."

Baba mkubwa alimfuata kaka kwa macho. Alirudisha macho kwenye tasbihi.

Seti ya tatu ilikuwa fupi. Yule kijana mwenye nywele nyekundu aliinua mikono, kocha wake akaruka, na pointi ikawa yake. Kaka alimpa mkono, akampa mwamuzi mkono, akaingiza raketi mfukoni bila kuzifunga. Alitoka kupitia mlango mdogo, akanijia moja kwa moja. Baba mkubwa alikuwa bado anahangaika na viatu vyake. Kaka alinishika mkono, akanipeleka penye bomba la maji nyuma ya vyoo, na akaniuliza tena, sasa kwa sauti ya chini kabisa.

"Uniambie tu. Ni mama?"

"Mama amefanya nini?"

"Usinifanye mutoto. Ninaona kitenge yake. Ninaona baba mukubwa na kanzu. Juu ya nini mulikuja bawili? Balimuua ku shamba?"

Hapo ndipo nilipoelewa, nikamwita yaya, jina la kaka mkubwa kwetu. "Hapana. Hapana, yaya. Mama iko muzima. Nilimuona jana asubuhi. Hizi ni karanga."

Alinitazama kama sikusema kitu. Nilifungua fundo la kitenge nikamwonyesha. Alichukua karanga chache, akazitazama kiganjani. Halafu akawasha simu, akapiga, na nikasikia sauti ya mama ikitoka ndani ya simu ile, kubwa na ya kugomba, ikiuliza kama tumefika, kama baba mkubwa amekula, na kwa nini anapumua hivyo. "Umeshinda?" alimuuliza. Kaka alisema hapana, mama. Mama akasema, "Mungu atafungua mlango mwingine, wasingya kwa kunipigia," yaani asante, akakata ili ahifadhi umeme.

Kaka aliketi juu ya saruji ya bomba. Nilimuuliza swali ambalo nilipaswa kuliacha siku hiyo: kama ulidhani mama amekufa, kwa nini hukuacha kucheza?

"Kama ni mama, balikuwa bamekwisha muzika," alisema. "Niache, nipoteze yote mbili?" Alifungua kamba za viatu. "Nilitaka kumaliza mbio-mbio, nishinde, kisha nilie. Mais sikujua ni nani. Kila mupira ilikuja, ninasema, kama ni mama? Inapita. Kama ni nyanya? Inapita. Kama ningejua ni nani, pengine ningeweza."

Nilikuwa nimeandika kurasa nyingi chuoni juu ya haki ya kujua, na hapa ilikuwa imekaa mbele yangu, inavua viatu. Tena hapakuwa na mkosaji. Desturi yetu inanyamaza mbele ya kifo, na mchezo wao unanyamaza mbele ya mpira, na baba mkubwa alikuwa amekaa katikati akitii vyote viwili. Kama wangemwacha apige kelele zake, kaka angecheka na kuendelea kupiga. Kama baba mkubwa angebaki sokoni kununua vipuri, kaka angekuwa na namba. Alikuja kwa mapenzi. Ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yake kwenda kumtazama.

Tulimsikia akiita jina la kaka kutoka upande wa viti.

"Hapana kumuambia," kaka alisema haraka. "Unasikia? Kamwe. Ni goti. Goti iliniuma."

Baba mkubwa alifika, akamkumbatia na jasho lake lote. "Pole, papa. Nimeona. Ulikuwa unamukula ule mutoto, nimeona na macho yangu."

"Ni goti, baba."

"Goti," baba mkubwa alirudia. Aliliangalia goti. "Bon. Ni goti."

Tulirudi pamoja kwa basi siku iliyofuata, mpaka Kasindi, halafu Beni. Baba mkubwa alizungumza kidogo. Nilidhani amechoka na bei za vipuri. Nyumbani kwa mama tulikula, na mama alimsikiliza kaka akieleza habari ya goti, akaenda kuchemsha majani ya kumkanda. Kaka alinyoosha mguu mzima kabisa na kukubali kukandwa.

Hakuna siku moja ninayoweza kusema kwamba hapo aliacha. Alijaribu tena, Nairobi mara moja, Kigali mara moja, akapita mchujo mara moja na kushindwa mara nyingine. Bega likazidi. Barabara ya Beni ikawa haipitiki kwa majuma mengi, halafu mpaka ukafungwa kwa sababu ya ugonjwa, halafu ukafunguliwa, na wakati huo vijana wa kumi na minane walikuwa wengine. Alihamia Beni awe karibu na mama. Sasa anafundisha kwenye uwanja wa saruji wa hoteli moja, watoto wa wafanyabiashara na maofisa, na anapoulizwa kazi yake anasema mwalimu. Orodha ile niliifungua mwenyewe kwenye simu, mwaka mmoja baada ya Kampala. Nilishuka mpaka chini kabisa. Niliwaona watu wa mwisho wa dunia nzima, wengi, wote wakiwa na pointi moja na namba ileile ya pamoja. Niliwaonea wivu ambao sikuwahi kuuonea watu wa juu.

Baba mkubwa alibadilika kwa namna ambayo haikunifurahisha. Sokoni alimtetea kaka kwa nguvu mpya. "Mimi nilikuwa pale," aliwaambia wauza vipuri wenzake. "Alikuwa anamumaliza. Ni goti tu." Lakini hakwenda tena kumtazama. Kaka alicheza Butembo mara kadhaa miaka ile, mashindano madogo ya mkoa, kwenye uwanja uleule wa Vulamba ulio karibu kabisa na nyumba ya baba mkubwa. Mara moja alicheza fainali. Majirani walijaa, mpaka akina mama wa sokoni walikuja na vikapu. Kiti tulichomwekea baba mkubwa kilibaki wazi. Nilimwendea kesho yake nikamwambia mawazo yangu waziwazi, kwamba maneno ya sokoni ni rahisi, kwamba mtu anayempenda mtoto anakuja akakaa.

"Nilikuwa na wateja," alisema.

"Siku ya Jumapili, baba?"

"Wateja hawajui Jumapili, mama." Akanipa soda, akaanza kuniuliza habari za masomo. Nilitoka pale nikiwa nimeridhika kwamba nimemwelewa: mtu wa biashara, anayependa ushindi wa kusimulia kuliko kazi ya kuutazama. Ndivyo nilivyomweka kichwani kwa miaka.

Kaka na mimi tulikuwa na mapatano yetu tangu penye bomba lile. Kati yetu sisi wawili hakuna atakayefuatwa. Tutaambiana kwa simu, na kwanza litatajwa jina. Baba mkubwa alipofariki, alasiri moja, moyo ukiwa umesimama akiwa dukani kwake, ndugu walikaa kupanga nani atakwenda Beni kumchukua kaka. Wakateua mzee mmoja na mimi. Nilitoka nje, nikapiga simu.

"Yaya, ni baba mukubwa. Amekufa leo. Mama iko muzima, mimi niko muzima."

Alisema, "Wasingya." Akapanda pikipiki peke yake, akafika kabla ya kaburi kufunikwa. Kwa mara ya kwanza mtoto wa familia yetu aliyeishi mbali aliwahi kushika udongo. Shangazi zangu hata hivyo hawakunisamehe. "Chuo imekufundisha kupiga mutu na neno," mmoja aliniambia mbele ya watu wote. Sikubishana. Sijui hadi leo kama nilifanya vema au vibaya. Kaka anasema vema. Lakini aliendesha pikipiki ile njia nzima akilia peke yake, na hilo pia ni jambo.

Mama mkubwa, mjane wa baba mkubwa, alikaa eda katika chumba cha nyuma. Nilimtembelea mara kwa mara, kumchambulia mchele, kumsomea ujumbe wa simu. Miezi ilikuwa karibu kwisha aliponiuliza ghafla, bila kuinua macho kwenye ungo:

"Kaka yako, goti yake iko namna gani?"

"Imepona, mama mukubwa."

Alicheka kidogo, kicheko cha kwanza nilichokisikia kwake tangu mazishi. "Ile goti haikuumia hata siku moja. Munafikiri muzee alikuwa mujinga? Alirudi toka Kampala, akakaa hapa penye umekaa. Akaniambia, ule mutoto aliniona, akaona nimeleta kifo. Akaniambia, nilikaa kama mutu ya matanga, na nilikuwa ninamuombea." Alipeperusha ungo, makapi yakaruka. "Akasema, batoto banataka nisijue. Basi sijui. Na wewe hujui."

Nilimuuliza kwa nini basi hakuwahi kurudi kumtazama.

Mama mkubwa alinitazama kana kwamba nimeuliza kama mvua hunyesha. Baba mkubwa, alisema, hakukosa mechi hata moja ambayo kaka alicheza Butembo, fainali ikiwemo. Alisimama nje, upande wa barabara, nyuma ya ua wa miti, mahali ambapo mchezaji hawezi kumwona mtu, na alisikiliza mpira mpaka mwisho.